Hela za Title I: jinsi mzazi anavyoweza kuzifuatilia hadi darasani

Swali ninaloulizwa zaidi baada ya ibada, hasa mwezi wa nane shule zinapofunguliwa, ni hili: "Mwalimu, wanasema serikali inatoa hela kwa ajili ya watoto wa maskini. Za kwangu ziko wapi?" Bado wananiita Mwalimu, ingawa chaki niliiacha Nyarugusu, kambini Kigoma, nilikokuwa nikifundisha hisabati. Sasa niko Louisville, Kentucky. Usiku napanga vifurushi kwenye ghala, mchana nalala, isipokuwa siku ambayo shule ya watoto wangu imeita mkutano. Jibu ninalowapa ni fupi. Hela zipo, na zinaitwa Title I. Hazina jina la mtoto wako na hakuna cheki itakayokuja nyumbani. Lakini sheria inailazimisha shule ikushirikishe katika kupanga zitumike vipi. Hilo la mwisho ndilo watu wetu wengi hawajawahi kuambiwa.

Naelewa kwa nini. Kwetu Kongo mzazi na shule walikutana kwenye malipo. Serikali ilipoacha kuwalipa walimu sawasawa miaka ya tisini, wazazi ndio waliobeba mzigo: minervali (karo ya shule), primu ya mwalimu (nyongeza ya mshahara wake), na michango isiyoisha, na mtoto ambaye hajalipiwa alifukuzwa darasani mbele ya wenzake. Elimu ya msingi ya bure ilikuja kutangazwa mwaka 2019. Kwa hiyo mzee aliyekulia Fizi au Uvira akipokea karatasi ya kumwita shuleni, anajiuliza jambo moja tu: wanataka ngapi? Karatasi inaishia kwenye droo. Hapa mambo ni kinyume. Shule ndiyo yenye hela, na wewe ndiye unayeombwa maoni.

Hela zenyewe

Title I ni sehemu ya kwanza ya sheria ya elimu ambayo Rais Lyndon Johnson aliisaini Aprili 11, 1965, huko Texas, nje ya kijishule alichosoma utotoni, mwalimu wake wa kwanza akiwa ameketi kando yake. Johnson mwenyewe aliwahi kushika chaki. Mwaka 1928 alifundisha katika mji mdogo wa Cotulla watoto wa asili ya Meksiko, ambao nyumbani waliongea Kihispania na wengi wao walikuja shule bila kula. Hiyo hunipa moyo kidogo: aliyesaini sheria alijua mtoto mwenye njaa na lugha nyingine anavyokaa darasani. Sheria imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, na toleo linalotumika sasa lilisainiwa Desemba 2015.

Kila mwaka Bunge la Marekani hutenga zaidi ya dola bilioni 18 kwa ajili yake. Mwaka 2025, rais aliposaini amri ya kuanza kuifunga Wizara ya Elimu, simu yangu haikunyamaza. Watu walidhani Title I imekufa. Hela hizi zimo katika sheria iliyopitishwa na Bunge, na amri ya rais haifuti sheria ya Bunge.

Zinasafiri hivi. Washington inahesabu watoto wa miaka 5 hadi 17 wanaoishi katika familia maskini, kwa makadirio ya ofisi ya sensa, kisha hela zinapita kwa jimbo na kuingia kwenye wilaya ya shule. Wilaya ndiyo inayozigawia shule zake, na hapo kwa kawaida haitumii sensa. Inatumia kumbukumbu zake: nani yuko kwenye chakula cha bure, nani ana fudistempu (msaada wa serikali wa kununua chakula), na katika sehemu nyingi nani ana Medikedi (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo). Shule ambayo zaidi ya asilimia 75 ya watoto wake ni maskini lazima ihudumiwe kwanza. Shule iliyofika asilimia 40 inaweza kuzitumia kwa shule nzima. Chini ya hapo, kwa kawaida hela zinawafuata watoto waliochaguliwa tu, wale walio nyuma katika kusoma au hesabu. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumuuliza mkuu wa shule, au dirékta kama tunavyosema sisi, ni shule yake iko upande gani. Kama ni ya watoto waliochaguliwa, uliza papo hapo kama mtoto wako yumo kwenye orodha, na kama hayumo, walitumia kipimo gani.

Zinanunua nini? Mwalimu wa ziada wa kusoma, msaidizi darasani, masomo ya baada ya shule au ya kiangazi, mafunzo ya walimu, mtu wa kuunganisha shule na wazazi. Neno lenye uzito hapo ni "ya ziada". Mjomba akituma hela za daftari, baba asiache kulipa kodi ya nyumba kwa kisingizio hicho. Ndivyo sheria inavyoiambia wilaya. Inatakiwa iipe shule yako fungu lake la hela za jimbo na za mji kana kwamba Title I haipo, halafu Title I ije juu yake.

Fomu ya mapato, na kwa nini uijaze hata kama mtoto anakula bure

Mwanzoni mwa mwaka wa shule utaletewa fomu, ya karatasi au ya kwenye simu, inayouliza mko wangapi nyumbani na mnaingiza kiasi gani. Shule nyingi za mjini siku hizi zinawalisha watoto wote bure, hakuna kuomba, kwa mpango unaoitwa CEP. Tangu Oktoba 2023 shule inaweza kuingia katika mpango huo ikiwa angalau asilimia 25 ya watoto wake wametambuliwa moja kwa moja kupitia fudistempu na misaada ya namna hiyo. Ndipo wazazi wanasema: "Mtoto anakula bure, fomu ya nini tena?"

Sahani ya mtoto ni sehemu ndogo ya habari hiyo. Katika wilaya nyingi fomu hiyo inasaidia kuhesabu umaskini wa shule, na hesabu hiyo ndiyo inayovuta hela, za Title I na mara nyingine za jimbo pia. Mama mmoja akiitupa, mwalimu wa kusoma hafukuzwi. Wakitupa wengi, mwaka unaofuata utasikia nafasi ya huyo mwalimu imeondolewa, na hakuna atakayekuambia sababu ni droo za watu.

Kwa sisi wakimbizi jambo hili limekuwa zito zaidi. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 iliwaondoa kwenye fudistempu wakimbizi ambao hawajapata green card. Watu wameliona pengo jikoni. Kuna pengo la pili ambalo halionekani: mtoto ambaye kompyuta ya wilaya ilikuwa ikimtambua yenyewe kwa sababu nyumba yao ina fudistempu, sasa hatambuliwi kwa njia hiyo. Shule ina watoto wale wale na dhiki ile ile, ila kwenye makaratasi imetajirika. Nyumba kama hiyo isipojaza fomu, na kama hakuna msaada mwingine unaoitambulisha, haitahesabiwa popote.

Kuijaza si kazi ngumu, ila watu wetu hukosea palepale kila mwaka. Kwanza, andika kila mtu anayeishi hapo mkila na kutumia hela pamoja: bibi, mpwa mnayemlea, kichanga cha wiki mbili. Nimeona familia ya watu tisa ikiandikwa sita kwa sababu baba aliandika "watoto wa tumbo" peke yao. Ukipunguza watu, kwa hesabu ya serikali unaonekana tajiri. Pili, mapato yanayoulizwa ni yale ya kabla ya makato, yaani namba kubwa kwenye karatasi ya malipo, na ni lazima uweke alama kama ni kwa wiki, kwa wiki mbili au kwa mwezi. Anayelipwa kila wiki mbili akiweka alama ya kila wiki, amejiongezea mshahara mara mbili kwenye karatasi. Andika mapato yako ya kawaida. Overtaimu iliyokuja Desemba tu kwa sababu ya msimu wa zawadi si mapato ya kawaida. Tatu, kama nyumba bado ina fudistempu, andika namba ya kesi, hapo huhitaji kueleza mapato kabisa. Nne, saini. Fomu isiyo na saini ni karatasi tu.

Hofu ya hati nayo ipo, sitajifanya siioni. Fomu ya chakula inaomba tarakimu nne za mwisho za sosho (namba ya Social Security) ya mtu mzima anayesaini, na kama hana, kuna kisanduku cha kusema hana. Haiulizi hali yako ya uhamiaji. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1982, Plyler dhidi ya Doe, mtoto hawezi kunyimwa shule ya serikali kwa sababu ya hati. Na mkimbizi au aliyepewa hifadhi anapoomba green card hapimwi kama atakuwa mzigo kwa serikali. Sheria yenyewe imemwondoa kwenye kipimo hicho.

Pamoja na fomu hiyo, wakati wa kuandikisha mtoto kuna karatasi nyingine inayouliza lugha ya nyumbani. Andika ukweli. Wapo wanaoandika Kiingereza wakiogopa mtoto atarudishwa nyuma darasa. Matokeo yake mtoto hapimwi Kiingereza, hapewi msaada wa lugha, na wewe hupati barua kwa Kiswahili.

Mkutano wa mwaka: usiondoke mikono mitupu

Kila shule ya Title I lazima iite wazazi angalau mara moja kwa mwaka, iwaeleze kwamba iko katika mpango, mpango unataka nini, na wazazi wana haki gani. Mara nyingi ni Septemba au Oktoba. Shule nyingi huuingiza ndani ya jioni ya kutembelea madarasa: pizza, watoto wanakimbizana kwenye korido, mkuu anapitisha picha ukutani kwa dakika chache, wewe unasaini karatasi ya mahudhurio na kurudi nyumbani. Ile saini ni ushahidi wa shule kwamba imetimiza sheria. Wewe umepata kipande cha pizza.

Mimi huwaambia akina mama waende na maswali yaliyoandikwa tayari, na lile la hela litangulie: shule imepata dola ngapi za Title I mwaka huu, na zimenunua nini? Uliza kwa heshima, lakini uliza kwa sauti, mbele ya watu. Jibu litakuwa mishahara, karibu kila mara, na hilo si baya. Nikipewa kuchagua kati ya mwalimu mmoja hodari wa kusoma na kompyuta arobaini, nachukua mwalimu bila kufikiri. Kambini tulikuwa na kitabu kimoja kwa benchi zima na watoto walijua kusoma kwa sababu ya mtu aliyesimama mbele yao. Kwa hiyo wakisema mwalimu, endelea: anawaona watoto gani, mara ngapi kwa wiki, dakika ngapi, na wangapi waliokuwa naye mwaka jana wamepanda? Wakisema wamenunua programu ya kompyuta, uliza nani anaangalia mtoto anafanya nini humo. Nimeona watoto wanaobofya tu mpaka muda uishe.

Kisha uliza habari ya asilimia moja. Wilaya inayopata zaidi ya dola 500,000 za Title I inatakiwa itenge angalau asilimia 1 kwa ajili ya kuwashirikisha wazazi, na angalau asilimia 90 ya fungu hilo ishuke mashuleni. Wilaya yenye dola milioni 10, kwa mfano, inatenga dola 100,000, na 90,000 kati yake ni za shule. Sheria inasema wazazi washirikishwe kuamua fungu hilo litumike vipi. Katika shule nyingi linaishia kwenye vitafunio, mabango na mwalimu mmoja kupelekwa semina, kwa sababu hakuna mzazi aliyependekeza kitu kingine.

Pendekeza. Hela hizo zinaweza kulipa usafiri wa wazazi kuja mkutanoni, mtu wa kuwaangalia watoto wadogo wakati wa mkutano, walimu kutembelea familia majumbani, mafunzo ya kuwasaidia wazazi kusoma au kutumia kompyuta. Kwa watu wa shifti ya usiku kama mimi, ombi la kwanza ni saa. Sheria inazungumzia mikutano ya asubuhi au jioni, ili wazazi wengi wafike. Ukiwaambia wanaotoka kazini saa moja asubuhi waje saa kumi na mbili jioni, umewaomba waamke katikati ya usiku wao. Mkutano wa saa mbili asubuhi, baada tu ya kumshusha mtoto, unaleta baba ambao shule haijawahi kuwaona. Hili nimelishuhudia shuleni kwetu, na lilianza kwa barua ya mistari michache.

Onyo moja kuhusu fungu hilo: lisiliwe na gharama ya mkalimani wa mambo ya kawaida ya shule. Mkalimani wa mikutano na walimu, wa adhabu, wa mambo ya afya, ni haki yako tayari kwa Sheria ya Haki za Raia ya 1964, na wilaya inatakiwa imlipe kwa hela zake nyingine.

Na kuhusu ukalimani wenyewe, usikubali mtoto akutafsirie. Shule moja iliwahi kumwita mama mmoja kwa ajili ya utoro wa kijana wake, na aliyekaa katikati kutafsiri alikuwa kijana mwenyewe. Mama alirudi nyumbani anatabasamu, mwanawe amesifiwa. Sema "Swahili interpreter, please" na ukae kimya usubiri. Shule nyingi zina huduma ya mkalimani kwa simu na anapatikana kwa dakika chache. Kama aliyepatikana anaongea Kiswahili cha pwani kinachokupita, mwambie aende polepole au arudie. Hakuna aibu. Bibi yetu anayesikia Kibembe tu aombewe Kibembe mapema, kwa sababu huyo hapatikani kwa kubonyeza namba.

Karatasi mnayosaini bila kusoma

Inaitwa School-Parent Compact. Ni makubaliano ya ukurasa mmoja: shule inaahidi hiki, mzazi anaahidi kile, mtoto naye. Sheria inasema yaandikwe pamoja na wazazi. Mara nyingi yanakuja yamechapwa tayari, yana sehemu ya saini, na mstari unaosema mzazi atamsomea mtoto dakika 20 kila usiku. Kwa Kiingereza. Mama asiyejua kusoma Kiingereza, au aliye ghalani usiku, anasaini uongo kila mwaka.

Omba mstari ubadilishwe. Mtoto asome yeye kwa sauti, mzazi asikilize na kumuuliza kisa kilikuwaje, kwa Kiswahili. Au mzazi amsimulie hadithi kwa lugha ya nyumbani, amwambie aichore au aiandike. Nimefundisha vya kutosha kujua kwamba mtoto mwenye maneno mengi katika lugha moja anapata njia ya kuingia katika ya pili. Upande wa shule nao ukazwe. Sheria inataka walimu wa shule ya msingi wakutane na wazazi angalau mara moja kwa mwaka kuyajadili makubaliano hayo, mzazi apewe taarifa za maendeleo mara kwa mara, na aruhusiwe kumfikia mwalimu, kujitolea darasani na kutazama somo linavyoendeshwa. Nenda ukatazame. Kaa nyuma, nyamaza, angalia mtoto wako anainua mkono au la. Utajua mengi kuliko ripoti kadi itakavyokuambia.

Sifa za mwalimu ni haki nyingine ambayo haitangazwi kwa kelele. Katika shule ya Title I unaweza kuomba kujua kama mwalimu wa mtoto wako ana leseni ya darasa na somo analofundisha, na kama kuna msaidizi anayemhudumia mtoto, sifa zake pia. Mtoto akifundishwa wiki nne mfululizo au zaidi na mtu asiyetimiza masharti ya jimbo, shule inatakiwa ikujulishe bila wewe kuuliza. Barua ya kukujulisha kwamba mtoto amewekwa kwenye msaada wa Kiingereza nayo ina muda wake: ndani ya siku 30 tangu mwaka wa shule uanze, au wiki mbili kwa mtoto aliyeingia katikati ya mwaka. Ieleze amewekwa kwa nini, yuko kiwango gani, na atatokaje huko. Unaweza kukataa msaada huo. Mimi nisingekataa, na mtihani wa Kiingereza wa kila mwaka ataufanya hata ukikataa.

Mkipoteza nyumba na kuhamia kwa ndugu, mkalala sebuleni kwa sababu kodi imewashinda, mwambie mtu wa ofisi ya shule. Sheria ya McKinney-Vento inawahesabu watoto hao kuwa hawana makazi. Wana haki ya kubaki shule yao ya awali, kwa usafiri, ikiwa hilo ndilo lenye faida kwao, na wilaya inatakiwa itenge sehemu ya Title I kwa ajili ya watoto wa hali hiyo. Wanaume wetu hawapendi kusema jambo hili. Basi mama aseme.

Kwa walio Kentucky

Hapa tuna milango miwili ambayo majimbo mengi hayana, yote miwili ni ya sheria ya mageuzi ya elimu ya mwaka 1990. Wa kwanza ni ofisi ya familia ndani ya shule, Family Resource Center, inayofunguliwa katika shule ambazo angalau mtoto mmoja kati ya watano ana sifa ya chakula cha bure au cha bei nafuu. Hizo si hela za Title I, ni za jimbo, lakini aliye humo ndiye mtu wa kwanza kumfahamu: koti la baridi, daftari, miadi ya daktari, na kukuambia mkutano ni lini.

Wa pili ni baraza la shule. Lina mkuu wa shule, walimu watatu na wazazi wawili, na wazazi huchaguliwa na wazazi wenzao. Shule yenye angalau asilimia 8 ya watoto wa makabila ya wachache, ikiwa hakuna mjumbe wa wachache aliyechaguliwa, inaongeza mzazi mmoja na mwalimu mmoja. Mimi niliingia kwa mlango huo wa nyongeza. Baraza lilipunguziwa nguvu mwaka 2022, lakini bado ni mahali pa kuiona bajeti ya shule ukurasa kwa ukurasa na kuuliza. Mzazi anayeingia barazani mara ya kwanza anachunguzwa kumbukumbu za makosa ya jinai na anapata mafunzo ya jumla ya saa 6 katika mwaka wa kwanza. Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha. Namba nilizielewa, bajeti ni hisabati ya darasa la sita. Hata usipogombea, mikutano ni ya wazi, kaa kitini usikilize.

Mpango usipokuridhisha

Shule inayotumia Title I kwa shule nzima ina mpango ulioandikwa, na una haki ya kuusoma. Usipokubaliana nao, andika. Sheria inasema maoni ya wazazi wasioridhika na mpango lazima yapelekwe wilayani pamoja na mpango huo. Malalamiko ya mdomoni kwenye mlango wa ofisi yanasikilizwa na kuyeyuka; ya maandishi yanasafiri. Anza na mwalimu, kisha mkuu, kisha ofisi ya Title I ya wilaya, kisha ya jimbo. Andika kwa Kiswahili kama ndicho unachokimudu, na uwaambie ni Kiswahili ili wajue wampe nani. Mfano:

"Mkuu wa shule, mimi ni mzazi wa (jina), darasa la (namba). Nimesoma mpango wa Title I wa shule. Siridhiki na sehemu ya wazazi, kwa sababu mikutano yote ni jioni na wengi wetu tunafanya kazi usiku. Naomba mkutano mmoja uwe saa mbili asubuhi, uwe na mkalimani wa Kiswahili na mtu wa kuwaangalia watoto wadogo. Naomba pia kujua hela za kushirikisha wazazi za mwaka huu ni kiasi gani na zimetumikaje. Tafadhali pelekeni barua hii wilayani pamoja na mpango. Naomba mnijibu kwa Kiswahili. Simu yangu ni (namba)."

Waombe wengine wasaini chini yake, majirani wa apatimenti, watu wa kanisa, hata Mnepali wa ghorofa ya juu ambaye mtoto wake yuko shule hiyo hiyo. Ipige picha kabla ya kuikabidhi, na mwombe sekretari aandike tarehe aliyoipokea.